Mfuko wa Mkate Mkavu

Kensington, Johannesburg

Mwanangu Rehema,

Nilikufundisha kwamba barua huanza kwa salamu na kuulizana hali. Ulipokuwa mdogo nilikurudishia karatasi zako mara nyingi kwa sababu uliingia katika jambo lako bila kubisha hodi. Leo ni mimi nitakayeingia bila hodi. Hali yako naijua. Uko Fordsburg na mama yako, mnatafuta sanduku ambalo magurudumu yake yatafika Poland, na bila shaka mama yako ameshabishana na mwenye duka mpaka wamegundua kwamba ni ndugu. Hali yangu unadhani unaijua. Nimekaa jikoni kwa sababu nalinda oveni. Nitakueleza ninalinda nini, lakini si sasa.

Sitakuandikia habari za koti zito, wala za pasipoti, wala za kupiga simu ukishuka kwenye ndege. Mama yako ameyasema hayo yote, na aliyoyasahau atayasema kesho njiani. Nataka kukuandikia juu ya Mama Tarasi, mama mkwe wako, ambaye kuanzia wiki hii utaishi naye chini ya paa moja. Tangu alipoondoka katika nyumba hii hajanitumia salamu. Kwa mama yako hutuma. Kila ukizungumza na mumeo kwenye simu, nasikia mama yako akiitikia, "Nawe mwambie namsalimu sana," na mimi nageuza ukurasa wa gazeti kana kwamba nasoma. Mara moja uliniambia, "Baba, na wewe anakusalimu." Ulisema ukiangalia sakafu. Nilishukuru, nikajua umenitungia.

Naogopa, Rehema. Sitafuti neno zuri zaidi ya hilo. Naogopa kwamba utakapomega mkate mbele ya mama yule, atakayemwona ni baba yako.

Wewe ulikuwapo siku ile, lakini hukuwapo kwa yote, na sijawahi kukusimulia upande wangu kwa sababu upande wangu haupendezi. Basi nianze alipofika.

Vita vilipoingia katika mkoa wao, Tarasi alimleta mama yake hapa. Chumba chake cha Doornfontein kilikuwa ghorofa ya juu na lifti ilikuwa mbovu, naye mama ana magoti mabaya. Nilisema mbele yenu wote, "Mgeni wa mwanangu ni mgeni wangu," na nilipenda jinsi sauti yangu ilivyosikika. Uwanja wa ndege nilimpokea kwa maneno mawili ya Kirusi niliyofundishwa zamani na rafiki yangu aliyesoma Moscow. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni. Mama Tarasi alinijibu kwa upole, kwa lugha yake, na Tarasi akatazama mizigo. Mimi nikadhani wameguswa.

Halafu ikaja ile supu. Wiki ya kwanza tu alimwomba mama yako sufuria kubwa, akapika bitiruti, kabichi, viazi na maharage, akatia siki kidogo ili wekundu usipotee. Nilikula sahani mbili. Nikafuta mdomo, nikasema, "Nimewahi kusikia sifa za supu ya Kirusi, lakini leo nimeijua."

Tarasi alitabasamu vile anavyotabasamu mtu anayebeba kitu kizito. Akasema, "Baba, hii ni borshi. Si ya Kirusi. Ni ya kwetu, Ukraine."

"Ni yale yale," nikasema.

Wewe uliweka kijiko chini. "Eish, Baba. Jumanne kwenye foleni ya benki yule kijana alipokuita Mnigeria, ulimwambia ni yale yale?"

"Usinijibu hivyo mbele ya wageni."

"Ulisimama pale ukamfundisha ramani ya Afrika, Baba. Foleni nzima ilikuwa inakusubiri."

Mama yako alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesahihishwa mezani kwangu, na mwanangu, na nilikuwa na haki ya kusahihishwa. Hayo mawili yakikutana ndani ya mtu wa aina yangu, hutokea hasira. Nilimaliza chakula na nikaanza, tangu siku ile, kumtafutia mgeni wangu makosa.

Nilimsahihisha matamshi. Alipojifunza kusema "asante sana," nilimwambia asivute ile *a* ya mwisho. Alipomsifu mama yako, nilipanga upya sentensi yake na kumfanya airudie. Alirudia. Alikuwa akikunja mikono juu ya aproni kama mwanafunzi. Katika wiki zote zile nilimsahihisha mara nyingi kuliko nilivyomwuliza swali. Sasa nikikumbuka, sikumwuliza swali hata moja ambalo sikuwa najua jibu lake.

Kisha mkate.

Mama yako ndiye aliyeona kwanza. Baada ya chakula, Mama Tarasi alikusanya vipande vilivyobaki kwenye sahani, hata maganda ya mkate ambayo Tarasi huyaacha, hata chenga zilizokuwa juu ya meza. Chenga alizifagia kwa ukingo wa kiganja, akazitia kinywani. Vipande alivikata vidogo, akavipanga kwenye trei na kuiweka dirishani panapopiga jua. Vikikauka kabisa, alivitia katika mfuko mweupe wa kitambaa wenye mishono myekundu pembeni, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Mfuko ulikuwa unajaa polepole.

Nilimwuliza mama yako, "Kwani hashibi?"

"Anashiba."

"Basi kwa nini anaokota makombo? Mgeni wangu anaokota makombo nyumbani mwangu!"

Mama yako alikuwa anapiga pasi. Hakuinua macho. "Mzee, wewe kila asubuhi unachovya raski kwenye chai. Raski ni nini? Ni mkate mkavu. Wa kwako unatoka dukani kwenye boksi, una picha ya shamba. Huo wa mama wa watu una kosa gani?"

"Si jambo moja."

"Ni yale yale," akasema, na akaendelea kupiga pasi.

Unajua jinsi nilivyolelewa. Kwetu mgeni hapewi kilicholala. Mgeni akila kilichobaki, aliyeaibika ni mwenye nyumba. Ndivyo nilivyojieleza nafsini mwangu, na yalikuwa maelezo mazuri, yenye mantiki, na hayakuwa kweli. Kweli ni kwamba lile dirisha linatazama barabarani, na niliona haya kwa wapita njia.

Jumamosi ile wazazi wa watoto ninaowafundisha Kiswahili walikuja kukutana sebuleni kwetu, kama kawaida yetu. Wewe ulikuwa umekwenda na Tarasi kununua vinywaji. Papa Dieudonné, yule fundi cherehani wa Bukavu mwenye mdomo usiokuwa na mlango, alisimama getini, akatazama dirisha, akaingia akiwa ameshaanza kucheka.

"Mwalimu! Ile mikate yote kwa dirisha, uko nafuga kuku?"

Watu wakacheka. Mtu akasema kutoka kwenye kochi, "Si kuku. Mwalimu amesikia bei ya unga itapanda."

"Hapana, hapana," akasema Papa Dieudonné, "ni ule mama mugeni. Anaogopa Mwalimu atamunyima chakula. Mwalimu, munamulisha kweli?"

Ulikuwa utani wa kawaida. Siku nyingine ningemjibu, tukacheka wote. Siku ile nilikwenda jikoni. Mama Tarasi alikuwa anaosha vikombe. Nilichukua trei dirishani, nikaimimina katika pipa la taka, juu ya majani ya chai na maganda ya viazi. Halafu nikafungua mlango wa stoo, nikashusha mfuko, nikaugeuza juu chini, nikaukung'uta humo humo pipani. Mkate mkavu ukianguka hufanya kelele. Nilisema, kwa sauti ya kufika sebuleni, "Katika nyumba hii mgeni hali makombo. Chakula kipo!"

Niliyasema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuijua zaidi ya maneno machache. Kwa hiyo hata maneno yale hayakuwa yake. Yalikuwa ya watu wa sebuleni.

Mama Tarasi alifunga bomba. Alikausha mikono kwa aproni, akaja, na kwa yale magoti yake akapiga magoti mbele ya pipa. Alianza kutoa vipande kimojakimoja. Alipuliza majani ya chai. Kipande cha kwanza alikibusu, Rehema, kama unavyombusu mtoto aliyeanguka. Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Papa Dieudonné alikuwa ameacha kucheka. Mama yako aliinama naye kumsaidia, na mimi nikasema, "Mama, acha! Tafadhali, acha," na mama yule akanitazama, akasema neno moja fupi la lugha yake. Hapo ndipo wewe na Tarasi mlipoingia na chupa mikononi.

Nilikuuliza baadaye neno lile maana yake nini. Uliniambia hujui. Wiki nyingi baadaye, tukiwa tumekasirikiana kwa jambo jingine kabisa, ndipo uliponirushia: "Alisema dhambi, Baba. Neno lile ni dhambi."

Kesho yake asubuhi alihamia Doornfontein, akapanda zile ngazi zote. Tarasi alilala sakafuni mpaka mama yake alipopata njia ya kwenda Poland kwa binti yake, na baadaye naye akamfuata. Mama yako alikwenda kumuaga. Mimi nilikuwa na kazi ya kusahihisha mitihani, na mitihani haikuwa mingi.

Sasa nikuambie kuhusu vitabu, maana umeona nimevichukua kwenye rafu yako na hukuuliza. Usidhani nilianza kuvisoma kwa toba. Nilivisoma kutafuta hoja. Nilitaka kupata mahali palipoandikwa kwamba supu ile ni ya kila mtu huko, ili nikuonyeshe kwa kidole. Nilianza na kile kinene cha historia chenye jalada la kijani, na kalamu nyekundu mkononi kama kawaida yangu. Utaona nimesahihisha makosa ya mchapaji mpaka karibu na katikati.

Makosa ya mchapaji hayakuishia hapo. Mimi ndiye niliyeishia.

Kwanza nilisoma kwamba katika karne iliyotangulia ile iliyopita kulikuwa na miaka ambapo vitabu vya lugha yao vilikatazwa kuchapishwa. Wakubwa wa Urusi walisema lugha hiyo haipo, ni Kirusi kilichoharibika tu. Mimi nimekula mkate wangu maisha yangu yote kwa kufundisha lugha. Nimegombana na watu wazima katika mji huu kwa sababu waliniambia Kiswahili si lugha kamili, ni mchanganyiko wa vitu vya watu. Na nilikuwa nimesimama uwanja wa ndege nikampokea mama yule kwa maneno mawili ya Kirusi, nikitarajia kusifiwa.

Kisha nikafika kwenye sura ya njaa.

Wewe umeisoma. Mimi nilikuwa sijui. Nilijua nchi ile kwa ngano; nilidhani mahali penye ngano nyingi hivyo hapawezi kuwa na njaa. Sikujua kwamba miaka ile ya thelathini mavuno yalikuwapo na yalichukuliwa na Wasovieti. Makundi ya watu yaliingia nyumba kwa nyumba na vyuma virefu, wakitoboa sakafu na kuta na meko kutafuta nafaka iliyofichwa. Mtu aliyeokota masuke yaliyosalia shambani baada ya mavuno aliweza kufungwa, au kuuawa. Vijiji vilifungiwa, watu wakakatazwa kutoka kwenda kutafuta chakula. Walikufa watu mamilioni, na waliobaki wakakatazwa hata kusema kwamba kulikuwa na njaa. Mama aliyezika watoto hakuruhusiwa kutaja walichokufa nacho. Lakini mikono haikukatazwa. Mikono iliendelea kufagia chenga mezani, na watoto wakaiona, na watoto wa watoto wakaiona, bila kuambiwa sababu.

Makosa ya mchapaji yaliyobaki yapo mpaka leo. Kalamu nyekundu niliiacha mezani.

Baadaye nikachukua kile cha mapishi. Hapo nilijifunza kwamba wakati wa Wasovieti vyakula vya mataifa mengi viliwekwa katika chungu kimoja, vikapewa jina moja, na kwamba watu wa Ukraine wanapigania jina la supu yao kwa uzito uleule mtu anavyopigania mpaka wa shamba. Nilijifunza kwamba vile vitu alivyotupikia, ambavyo mimi niliviita sambusa za kuchemshwa na kumwuliza kama mafuta yameisha, hukunjwa na wanawake wakiwa wamekaa pamoja, na kila nyumba ina mkunjo wake. Nilijifunza kwamba usiku wa kuamkia Krismasi hula ngano nzima iliyopikwa kwa asali, na huwawekea nafasi waliokufa. Na kuna siku mwezi wa Novemba huwasha mshumaa dirishani kwa ajili ya waliokufa kwa njaa ile. Utakapomwona akiwasha, mwanangu, usije ukamwuliza kama umeme umekatika. Nakujua. Umezaliwa katika mji wa mgao wa umeme.

Mpaka hapa ningeweza kusema kwamba nilikosa kwa kutojua, na ungenisamehe, maana una moyo wa mama yako. Lakini mimi nilikuwa najua.

Sijawahi kukueleza vizuri habari za bibi yako mzaa baba. Unajua kwamba tulikuwa Ugogoni, katika nyumba ya tembe, ile yenye paa la udongo lililo bapa. Kwetu paa ni mahali pa kuanikia. Watu wengine walianika mboga, karanga, mtama. Mama yangu alianika na ukoko. Kila tulipokula ugali wa uwele, alikwangua chungu, akachukua ukoko na matonge yaliyobaki, akayapanga juu ya ungo, akapanda nao paani. Yakikauka yakawa magumu kama vigae, aliyaweka katika kibuyu. Alifanya hivyo hata miaka ya mavuno mazuri. Hakuna aliyemwuliza. Sisi tulijua kwamba kabla sijaanza kukumbuka mambo kulikuwa na njaa, na kwamba mdogo wangu Yohana hakuivuka. Hilo lilisemwa mara moja tu, na shangazi, kwa sauti ndogo.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, nilikuja nyumbani likizo na wenzangu wawili, vijana wa mjini wenye viatu. Mmoja aliona ungo paani, akauliza kwa adabu, "Kile ni nini, ndugu?" Nikasema ni chakula cha kuku. Na ili lisionekane ni uongo, nikapanda, nikashusha ungo, nikawamwagia kuku. Mama alitoka jikoni. Hakupiga kelele, wageni walikuwapo, naye alikuwa mtu wa heshima kuliko mimi. Aliwafukuza kuku kwa upande wa mguu, akaokota vilivyobaki, akavitia katika pindo la kanga. Alipopita karibu yangu alisema, "Haya, mwalimu." Nilikuwa bado sijahitimu. Yeye alikuwa wa kwanza kuniita hivyo, na tangu siku ile kila mtu anayeniita Mwalimu, hata Papa Dieudonné kwa utani wake, kuna mahali ndani yangu panasikia sauti ya mama.

Basi sikuwa mtu asiyejua. Nilipomwona Mama Tarasi akipanga vipande dirishani, nilijua ninachokiona. Nilikijua kabla sijafungua kitabu chochote. Kama ningekuwa sijui, nisingekasirika kiasi kile. Watu wawili, mmoja wa tembe na mmoja wa nchi ya theluji, walinionyesha kitu kimoja, nami mara zote mbili nikakimwaga kwa sababu kulikuwa na watu wanaotazama.

Unaniuliza, najua, kwa nini sikumpigia simu. Ninajua kusahihisha sentensi katika lugha tatu, na sijui sentensi ya kumwambia mama yule. Nilijaribu kuiandika kwa Kiingereza ili Tarasi aitafsiri. Kila niliyoiandika ilikuwa sahihi, na kila niliyoisoma tena ilikuwa inanitetea. Kwa hiyo niliacha maneno.

Mfuko wake ulibaki. Ulikuwa sakafuni, mlangoni pa stoo, nilipoudondosha, na mama yako aliufua, akaupiga pasi, akautundika tena kwenye msumari wake bila kuniambia kitu. Umekuwa ukining'inia pale mtupu tangu wakati huo. Kila nikienda kuchukua sukari naugusa kwa bega.

Unakumbuka jirani yetu wa Zanzibar alipokuwa akituletea futari kwenye sahani zake, ingawa sisi ni Wakristo, mama yako alivyokataa kurudisha sahani hata moja ikiwa tupu? Ulimwuliza kwa nini, akasema sahani tupu inamwambia mwenyewe kwamba umemalizana naye. Tuliweka chochote: ndizi mbili, pilipili za bustanini, mara moja sukari kwenye karatasi.

Ndiyo maana nimelinda oveni. Mkate niliouanika kwanza niliutia katika mfuko wa nailoni, nikaufunga vizuri, mtu wa vitabu. Uliota ukungu wote. Nilisimama na mkate ule mbele ya pipa, na mkono ulikataa. Mama yako alinikuta, akanichukulia, akaenda kuwatupia ndege uani, akasema, "Mzee, kitambaa kinapumua. Nailoni haipumui. Kwani ulidhani alikuwa na mfuko wa kitambaa kwa urembo?" Nikaanza upya. Nimekausha mkate wetu, ule wa mezani, vipande ulivyoviacha wewe mwenyewe mwezi huu wote ukidhani navitupa. Nimevianika dirishani, lile la barabarani, na vya mwisho, ambavyo jua halikuvimaliza, namalizia kwenye oveni. Papa Dieudonné amepita. Alisimama getini, akaangalia, akasema, "Mwalimu," basi, akaenda zake.

Mfuko umejaa. Uko juu ya meza, hapa nilipo. Nakuomba uubebe, si kwenye sanduku litakalorushwarushwa, bali mkononi. Ukifika usimpe kwa hotuba. Usimwambie baba yangu anaomba radhi; nisikutumie wewe kubeba kazi yangu. Mweleze tu kwamba ni mfuko wake, na kwamba mkate ni wa nyumba ile ile. Atajua. Akiutundika, sawa. Akiuweka pembeni asiufungue, ni haki yake, na hapo ndipo ninapokuomba jambo gumu: niambie ukweli. Usinitungie salamu nyingine. Nimeishi na ile moja uliyonitungia, na inaniuma kuliko kukosa.

Wala usimlipie deni langu kwa kuwa mkwe mwema kupita kiasi. Uwe ulivyo. Ukosee supu yake, akucheke. Ukiona kitu usichokielewa mikononi mwake, mwulize. Mimi nilikuwa naye hapa wiki zote zile, nikazitumia kumfundisha.

Nasikia geti. Mama yako anacheka, kwa hiyo sanduku limepatikana kwa bei yake. Nilisema sitakupa maagizo ya safari, na sasa ninalo moja. Vipande vya juu nimevitoa kwenye oveni sasa hivi na katikati bado vina joto. Usiukaze uzi wa mfuko usiku huu. Uache wazi mpaka asubuhi, upumue.

Baba yako